'Inasemekana' ni kauli ya nani? Kupima makala ya kamusi elezo kuhusu wimbo wa 'Chemirocha'

MAJUMA mawili yaliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliingia ofisini mwangu na kurasa nne mkononi. Ni binti wa huku huku kwetu; wazazi wake wanakuza chai upande wa Bomet, na karo yake, kama ya wengi hapa, imetoka kwenye bonasi. Alikuwa ameandika makala ya kamusi elezo kuhusu wimbo wa 'Chemirocha', akataka niyapitie kabla hajayapeleka kwenye Wikipedia ya Kiswahili.

"Prof, soma haraka haraka tu uniambie kama yako sawa," alisema. "Nataka kuyaweka leo jioni."

"Nani anakukimbiza?" nikamuuliza.

"Hakuna. Lakini wimbo ni wetu, na naona tunasimuliwa tu na watu wa mbali."

Nilimwomba aniachie kurasa hizo kwa wiki moja. Leo nataka kukushirikisha, mpenzi msomaji, katika niliyoyaona humo, kwa sababu swali lake ni swali la wengi: makala mazuri ya kamusi elezo hupimwaje? Na hasa makala kuhusu wimbo, kitu ambacho kila mtu hudhani amekielewa mara tu akishakisikia.

Kwa msomaji asiyeufahamu wimbo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alipita katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake. Pale Kapkatet, kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Sotik kupitia Litein, alinasa nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Hutambulishwa kwa nambari. Ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyosikika mbali zaidi. Imeimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, huku chepkong ikipigwa.

Jina Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyerekodi kwa mara ya kwanza mnamo Agosti 1927 na kufariki kwa kifua kikuu Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Santuri zake zilifika huku, watu wakamsikia kwenye gramafoni, wakalichukua jina lake na kulitamka kwa ulimi wao. Tracey aliandika maelezo mafupi kuhusu wimbo huo. Alisema kwamba mwimbaji huyu wa ajabu amegeuzwa kuwa mungu wa mahali, nusu mtu nusu swara, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze dansi ya kuruka hadi achomoke kwenye nguo zake. Maelezo hayo ndiyo yaliyoubeba wimbo duniani. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo siku hizi iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baada ya rekodi ile, maktaba hiyo na mradi wa Singing Wells, unaoshirikisha Ketebul Music ya Nairobi, walirudisha nakala zake Kapkatet.

Sasa nitaje mizani niliyotumia. Mwaka wa 2005 jarida la kisayansi la Nature lililinganisha makala 42 ya sayansi katika Wikipedia ya Kiingereza na yale ya Britannica. Wahakiki walikuta, kwa wastani, makosa kama manne katika kila makala ya Wikipedia, na kama matatu katika kila makala ya Britannica. Britannica walipinga vikali. Mimi sina ugomvi na hesabu yenyewe, ila naona kwamba makosa hayahesabiwi tu kama vichwa vya ng'ombe. Hupimwa uzito pia. Kukosea tarehe kwa siku moja si sawa na kuipachika jamii nzima dini isiyokuwa yake.

Wakulima wa huku wanalijua jambo hili kuliko maprofesa. Kwenye kituo cha kununulia majanichai, karani hayamwagi tu majani kwenye mizani. Kwanza huyatandaza, akatafuta majani mawili na chipukizi, akayatoa yale makubwa yaliyokomaa. Kisha hupima, na kilo zikaandikwa kwa nambari ya mkulima. Hakuna kilo isiyo na mwenyewe. Ikitokea ikakosa mwenyewe, kuna mtu anaibiwa. Basi nikazitandaza kurasa nne za binti yule mezani kwa namna hiyo hiyo, nikawa nauliza kila sentensi: wewe ni ya nani?

Nianze na mazuri, maana yapo. Kiswahili chake ni safi. Hakusifu kupita kiasi. Hakuna 'wimbo mtamu ajabu' wala 'wimbo uliotikisa dunia'. Alieleza kwamba rekodi ni tatu, jambo ambalo wengi hulisahau kwa kuwa wamesikia moja tu. Tena aliketi akazisikiliza zote. Ukisoma kifungu chake kuhusu jinsi sauti ya kiongozi inavyopokewa na wenzake, unajua huyu amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Ndicho kifungu bora katika makala nzima, na kina mwenyewe: rekodi yenyewe, ambayo mtu yeyote anaweza kuisikiliza akamhukumu.

Lakini kando ya makala kuna kile kijisanduku cha muhtasari, na humo mlikuwa na maneno haya: 'Msanii: Hugh Tracey.' Nikamwita. Akasema kila alikosoma aliona kwamba wimbo 'ulirekodiwa na Hugh Tracey'. Hapo, wapenzi wa lugha, ndipo penye kasoro. Kitenzi 'rekodi' kimekuja kwetu na watendaji wawili. Mwimbaji hurekodi wimbo kwa kuuimba. Fundi hurekodi wimbo kwa kuunasa. Leo tukisema 'wimbo huu ulirekodiwa na Fulani', msomaji wa kawaida humwona Fulani akiwa na kipaza sauti mdomoni. Dawa ni kutenganisha kazi hizo mbili: wimbo uliimbwa na Chemutoi Ketienya na wenzake, ukanaswa na Hugh Tracey. Neno 'kunasa' tunalo, halihitaji kuazimwa. Kwa kosa hilo dogo la kitenzi, binti aliyeimba alikuwa ametolewa kwenye wimbo wake na nafasi yake kupewa mwenye mtambo.

Kosa la pili lilinichekesha, halafu likanifundisha. Jimmie Rodgers, rasimu ilisema, alizaliwa tarehe 18 Septemba 1933 huko Camas, katika jimbo la Washington. Huyo ni Jimmie Rodgers kweli, lakini siye. Ni mwimbaji mwingine aliyevuma mwaka wa 1957 kwa wimbo wa 'Honeycomb' na kufariki mwaka wa 2021. Wetu alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akafanya kazi kwenye reli kule Mississippi kabla ya kuwa mwimbaji. Alikufa miezi minne kabla ya huyo wa pili kuzaliwa. Sisi tuliokua na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni tunajua jinsi majina haya yanavyogongana. Hata hivyo hesabu ndogo ingetosha: huyo wa pili, mwaka wa 1950, alikuwa kijana wa miaka 16. Wasichana wa Kapkatet wangemsikia wapi? Anayeandika kamusi elezo aweke tarehe zake zote kwenye mstari mmoja, aone kama zinasalimiana.

La tatu lilihusu mahali. Rasimu ilisema wimbo ulirekodiwa 'katika Kaunti ya Kericho mwaka wa 1950'. Kaunti zimetokana na Katiba ya 2010 na zikaanza kazi mwaka wa 2013. Mwaka wa 1950 hii ilikuwa wilaya ya Kericho katika koloni la Kenya, na Bomet ilikuwa ndani yake. Ilikuja kuwa wilaya yake miaka ya 1990. Utasema ni jambo dogo. Mimi nimeshasikia watu wazima wakibishana kwenye mkahawa kama Chemirocha ni ya Kericho au ya Bomet. Wimbo una umri mkubwa kuliko mpaka wanaougombania. Makala mazuri yangewaambia hivyo kwa sentensi moja, mabishano yakaisha, au angalau yakapata msingi.

Tukaja kwenye aina ya muziki. Kijisanduku kiliandika 'roki'. Kumbe alikuwa amesoma kwamba Rodgers aliingizwa mwaka wa 1986 katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki la Marekani. Ni kweli aliingizwa, lakini kama mmoja wa waliotangulia, wale ambao wapigaji wa roki walijifunza kwao. Mtindo wake ulikuwa muziki wa kantri, wenye ule mtindo wa kurusha sauti kutoka nzito hadi nyembamba na kurudi. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 20 Elvis Presley alipotoa santuri yake ya kwanza. Babu wa mpigaji roki hawi mpigaji roki kwa ajili ya mjukuu, sembuse wasichana waliomtaja babu huyo katika wimbo wao.

Chini kidogo, rasimu ile ile ikageuka ikauita 'wimbo wa jadi uliorithiwa kutoka kwa mababu'. Hapa nilisimama kwa muda. Rodgers alirekodi mara ya kwanza mwaka wa 1927. Wimbo unaomtaja hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Basi ulizaliwa wakati fulani katika miaka 23 iliyo kati ya 1927 na 1950. Siku ile uliponaswa ulikuwa wimbo wa kisasa kabisa, wa vijana waliosikia habari mpya kutoka kwenye mashine mpya. Tumejizoesha kuita kila kilichoimbwa kwa lugha zetu 'cha jadi', hata kikiwa kimezaliwa baada ya reli kufika Kisumu. Matokeo yake ni kwamba Mmarekani anapewa mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na wa Kapkatet anapewa 'tangu jadi', kana kwamba hakuwahi kuwa na jana na juzi.

Kuhusu ala, aliandika 'gitaa'. Alikuwa ametafuta katika kamusi akakuta 'kinubi', akaona wasomaji wake watafikiria Biblia na Mfalme Daudi, akaamua kurahisisha. Namwelewa. Lakini kwa nini asiandike chepkong, kisha akaieleza? Ni ala ya nyuzi ya Wakipsigis, jamaa ya nyatiti ya Waluo, obokano ya Abagusii na litungu la Wabukusu. Kwa maneno hayo machache msomaji wa Kisumu, wa Kisii na wa Bungoma wote wameshaiona ala machoni mwao. Kiswahili hakipungukiwi na kitu kikiipokea chepkong, kama ambavyo hakikupungukiwa kilipoipokea nyatiti.

Hayo yote niliyoyataja yangerekebishwa kwa saa moja. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike safu hii.

Nilichukua kalamu nyekundu nikawa napigia mstari kila penye 'inasemekana', 'inaaminika' na 'wataalamu wanasema'. Katika kurasa nne nilipata mara kumi na moja. Inasemekana Wakipsigis walimwabudu Chemirocha. Inaaminika kwamba alikuwa na miguu ya swara. Inasemekana gramafoni ya kwanza ililetwa na meneja wa shamba la chai.

"Hii ya meneja umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si ndivyo ilivyokuwa, Prof? Makampuni ya chai yaliingia huku miaka ya 1920. Nani mwingine angekuwa na gramafoni?"

"Wamishonari. Masetla. Mhindi mwenye duka. Hata askari aliyerudi kutoka vitani. Mimi sikuulizi nani angeweza. Nakuuliza nani amesema."

Akanyamaza.

Tuitazame kauli hii kisarufi, kwa sababu sarufi yake ndiyo siri yake. Kitenzi 'sema' katika kauli ya kutendwa huwa 'semwa'. Mtendaji anaondoka mbele, lakini mlango wa nyuma unabaki wazi, unaweza kumrudisha kwa 'na': limesemwa na Tracey. Kitenzi hicho hicho kikitiwa viambishi -ek- na -an- huwa 'semekana', na hapo mlango wa nyuma nao unafungwa. Jaribu kusema 'inasemekana na Tracey'. Kiswahili kinakataa. Lugha yetu imetupa kitenzi ambacho hakimpokei msemaji hata tukitaka kumtaja. Kwenye baraza kitenzi hiki kina kazi yake ya heshima. Huwezi kila mara kumtaja aliyekuletea habari za jirani. Na methali inatutetea: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini katika kamusi elezo methali hiyo ni hatari tupu. Lisemwalo humo linakuwepo kwa sababu limesemwa humo.

Ondoa sasa 'inasemekana' katika sentensi ya kwanza, uweke mwenyewe. 'Hugh Tracey aliandika kwamba Chemirocha alikuwa amegeuzwa mungu wa mahali, nusu mtu nusu swara.' Maneno ni karibu yale yale, lakini uzito umehama. Msomaji sasa anajua kwamba hii ni kauli ya mtu mmoja, mgeni, aliyeandika maelezo mafupi ya santuri. Anaweza kuikubali, kuishuku, au kuitafutia nyingine ya kuipima. Akijua pia kwamba Wakipsigis walikuwa na jina lao la Mungu, Asis, ataanza kujiuliza kama neno 'mungu' katika maelezo yale linafaa kitu wanachotaniwa nacho wasichana katika dansi. Kwa 'inasemekana', kauli ya Tracey ilikuwa imevuliwa jina lake na kuvishwa Wakipsigis wote. Mtoto wa darasa la sita kule Sotik angesoma kwamba bibi zake waliabudu mwimbaji wa santuri, na asingekuwa na wa kumuuliza, maana sentensi haina mtu.

Nimesema 'inasemekana' na 'inaaminika'. Imebaki ya tatu, 'wataalamu wanasema', na hii ndiyo ilinitoa jasho. Ukurasa wa tatu uliandika hivi: 'Wataalamu wanasema kwamba Chemirocha ni Chemosit wa hadithi za Wakalenjin.'

"Wataalamu gani?" nikauliza kwa ukali kidogo.

"Wewe, Prof."

"Mimi?"

"Mwaka jana, darasa la fonolojia. Niliandika kwenye daftari."

Nikakumbuka. Nilikuwa nikifundisha jinsi maneno ya kigeni yanavyobadilika yakiingia katika lugha nyingine. Nilitoa mifano ya kawaida ya Kiswahili, 'manowari' na 'kipilefti', kisha kwa kuwa tuko Kericho nikatoa Chemirocha. Nikaeleza kwamba lugha za Kikalenjin hazitofautishi maana kwa sauti ghuna na sighuna kama Kiingereza kifanyavyo, ndiyo maana 'J' ya Jimmie ikawa 'ch', na ile ya katikati ya Rodgers nayo ikawa 'ch'. Hadi hapo nilikuwa kwenye ardhi ngumu. Kisha nikajiachia. Nikasema kwamba 'Che-' ni mwanzo wa majina mengi ya huku, ya kike kama Chebet na Chelangat, ingawa Cheruiyot na Chepkwony ni ya wanaume. Kwa hiyo jina la mgeni lilipata makao haraka. Nikaongeza kwamba linakaribiana kwa sauti na Chemosit, zimwi ambalo A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka wa 1909, alilieleza kuwa nusu mtu nusu ndege. Pengine, nikasema, jina lilivuta zimwi.

'Pengine' hiyo ilipotea njiani kati ya mdomo wangu na daftari. Kati ya daftari na rasimu, mimi mmoja nikawa wingi, 'wataalamu'. Na swara wa Tracey na ndege wa Hollis wakawa mnyama mmoja.

Dhana yangu inaweza kuwa na ukweli. Naipenda hata leo. Katika safu ya gazeti naweza kuitaja, jina langu likiwa juu, nawe msomaji ukanicheka au ukanijibu. Katika kamusi elezo haina nafasi, kwa sababu sijaifanyia utafiti wala kuichapisha mahali ambapo wenzangu wangeipekua. Wikipedia ina kanuni inayokataza kuingiza utafiti usiochapishwa, na kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nilimwomba aifute. "Lakini Prof, wewe si ni chanzo?" akasema. Nikamjibu kwamba siku ile darasani nilikuwa mzee anayepiga soga kukiwa na mvua nje.

Kwa hiyo kanuni ni nzuri. Imetuokoa na meneja wa shamba la chai, na imetuokoa na mimi. Lakini sijamaliza, kwa kuwa binti yule naye alikuwa na swali lake.

Wikendi moja, akiwa nyumbani, alimchezea nyanya yake rekodi ile kwenye simu. Kisha akamsomea tafsiri ya maelezo ya Tracey. Ajuza akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na wasichana wenyewe walisemaje?"

"Sasa, Prof," binti akaniambia, "Kogo akinieleza jinsi wasichana wa zamani walivyokuwa wakiimba na kutaniana, hayo siwezi kuyaandika, kwa sababu hayajachapishwa. Tracey anaingia kwa sababu alichapisha. Hiyo ni haki kweli?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani anayejibu haraka amelielewa swali. Kanuni inayomzuia profesa mropokaji ndiyo hiyo hiyo inayomzuia Kogo. Mlangoni wote wawili wanaonekana sawa: watu wasio na karatasi. Tracey anapita, na si kwa sababu aliijua Kapkatet kuliko aliyezaliwa hapo. Anapita kwa kuwa alikuwa na mtambo, na santuri, na mahali pa kuchapa maelezo yake. Kwa lugha kama Kiingereza tatizo hili ni dogo, kwa kuwa kila kitu kilishaandikwa na watu kumi. Kwetu, sehemu kubwa ya tunayoyajua imo vinywani. Kamusi elezo ya Kiswahili ikifuata kanuni bila sisi kufanya kazi nyingine, itakuwa tafsiri ya yale ambayo wageni walitangulia kuyaandika kutuhusu.

Hata hivyo siungi mkono kuivunja kanuni. Tukifungua mlango kwa Kogo bila utaratibu, watapita humo wote, na wa kwanza atakuwa yule meneja na gramafoni yake. Njia niliyompa ni ndefu zaidi. Amrekodi nyanya yake, kwa idhini yake, kwa lugha yake. Aandike tarehe, mahali, na maswali aliyouliza, si majibu tu. Atafute wazee wengine, na hasa wanawake, kwa kuwa wimbo ule wa tatu ni wa wasichana. Ayachapishe katika jarida au tasnifu, pamoja na matini ya Kikipsigis kando ya tafsiri ya Kiswahili. Hapo ndipo kamusi elezo itaweza kusema: Tracey aliandika hivi, wanawake wa Kapkatet na Bomet wamesema hivi. Kauli mbili, kila moja na mwenyewe, bega kwa bega.

Wakati huo huo, makala yasingoje. Tuliketi tukaandika upya kifungu cha kwanza, nacho sasa kinasomeka hivi:

'Chemirocha ni jina la nyimbo tatu za Kikipsigis zilizonaswa na Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka wa 1950. Jina hilo limetokana na la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers (1897–1933), ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika eneo hilo. Inayojulikana zaidi ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wengine kwa chepkong, ala ya nyuzi ya Wakipsigis. Katika maelezo yake, Tracey aliandika kwamba mwimbaji huyo alikuwa amegeuzwa mungu wa mahali, nusu mtu nusu swara.'

Sentensi nne. Ukiziuliza kila moja ni ya nani, itakujibu. Kurasa nne zimekuwa moja na nusu, na binti alilalamika kidogo kwamba sasa yamekuwa mafupi mno. Nikamwambia amuulize mamake ni kiasi gani cha majani hubaki karani akishachambua.

Alicheka, akazikunja kurasa zake. Makala aliyaweka Ijumaa hiyo jioni, bila Chemosit. Jumamosi alishika matatu kwenda nyumbani, na safari hii alibeba kinasa sauti na daftari jipya, akiwa na orodha ya maswali kwa Kikipsigis. Swali la kwanza kwenye orodha ni lile la nyanya yake.